Injini ya pikipiki ya theluji inapoa mno nikiingia kwenye theluji laini: themostati, kifuniko au kitu kingine?

Msafiri_Edmonton

Ndugu zangu, habari za majira haya ya baridi. Ninaishi Edmonton, Alberta, nchini Kanada, na mwishoni mwa juma, barabara zikiruhusu, huwa ninapita Jasper kwenda Valemount, British Columbia, kuendesha pikipiki ya theluji milimani. Kwa ambaye hajawahi kuiona, hii ni pikipiki ya kawaida ya motokrosi iliyoondolewa magurudumu yote mawili: mbele imefungwa ski moja pana, na nyuma umefungwa mkanda mrefu wa mpira wenye meno. Yangu ina injini ya cc 450 ya stroki nne, inayopozwa kwa maji, yenye noseli badala ya kabureta na rejeta mbili, moja kila upande wa fremu.

Tatizo langu si kuiwasha, kwa kuwa inalala ndani ya gereji yenye joto na husafiri ndani ya trela lililofunikwa. Tatizo huanza nikiwa tayari juu yake. Kutoka maegesho hadi juu, ambako njia imeshindiliwa kwa mashine, geji iliyo kwenye usukani hupanda hadi nyuzi 65 au 70 na kutulia hapo. Nikiiacha njia na kuingia kwenye theluji laini inayofika magotini, joto huporomoka hadi nyuzi 45, na katika mteremko mrefu, nikiwa sivuti mafuta, nimeliona likishuka chini ya 35. Hapo injini hukwama kidogo nikiitaka nguvu ghafla, hunywa petroli kuliko za wenzangu ninaoendesha nao, na jioni oili hunuka petroli. Juma lililopita nilikuta kiwango cha oili kimepanda badala ya kushuka, kioo cha kukagulia kina utando mweupe, na upande wa chini wa injini umelowa oili iliyotoka kwenye mpira wa kupumulia.

Hadi sasa nimebandika utepe mpana juu ya rejeta ya kushoto tu. Dukani naonyeshwa vifuniko vya kitambaa vya injini nzima, seti za themostati, na hita za umeme za kuchomeka ukutani, na vyote kwa pamoja ni fedha nyingi. Ninaomba ushauri wa watu wanaofahamu: nianze na kipi, na je, kuna ubaya kuiacha injini ikiunguruma muda wote tunapopumzika ili isipoe?

Fundi_wa_Calgary

Ndugu Msafiri, karibu dalili zako zote zina chanzo kimoja, nacho ni kwamba injini yako ilibuniwa ili ipoteze joto, wala haikubuniwa kulitunza. Pikipiki nyingi za motokrosi hutoka kiwandani bila themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Aliyezibuni alimfikiria dereva anayezunguka vumbini wakati wa kiangazi, mwendo wake ukiwa mdogo na mzunguko wa injini ukiwa mkubwa, kwa hiyo akaweka rejeta mbili na pampu inayoendeshwa moja kwa moja na injini, ambayo husukuma maji yote kupitia rejeta tangu injini inapowaka. Kwenye nyuzi 30 juu ya sifuri mpango huo ni mzuri sana. Kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, injini haipewi hata nafasi ya kupata joto lake la kazi.

Watu wengi hudhani adui ni upepo. Upepo unachangia, lakini hauwezi kukipoza chuma chini ya joto la hewa yenyewe. Ile namba ya kutisha inayoonyeshwa kwenye simu, kwamba ukiuhesabu na upepo ni nyuzi 38 chini ya sifuri, inahusu ngozi yako. Injini hupoa haraka zaidi tu, haivuki ile 25 iliyopo. Adui mkubwa ni theluji. Ski huipasua na kuirushia rejeta, na kila kilo moja inayoyeyuka hapo huchukua kilojuli 334 za joto kabla maji yake hayajaanza kupata hata uvuguvugu. Ndiyo sababu joto lako hutulia kwenye njia iliyoshindiliwa na kuporomoka kwenye theluji laini, ingawa hewa ni ile ile na injini inafanya kazi kubwa zaidi.

Sasa tazama kinachofuata. Kompyuta ya injini hutegemea sensa ya joto la maji ili ijue iipe injini petroli kiasi gani. Ikisoma nyuzi 45, huamini kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa, na huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya asubuhi. Hapo ndipo matumizi yako makubwa yanapotoka, na pengine hata huko kukwama unapohitaji nguvu. Petroli ya ziada haiungui yote. Sehemu yake hulowanisha kuta za silinda, huosha utando wa oili unaozilinda pistoni na ringi, kisha hushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Kwa hiyo oili yako haikuongezeka, bali imechanganyika na petroli. Ule utando mweupe nao ni maji. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ndogo ya mvuke huo hupenya ringi na kuingia kwenye nyumba ya krenki. Injini ikiwa na joto la kutosha, mvuke hutoka tena kupitia mpira wa kupumulia. Ikiwa baridi, mvuke hugeuka matone humo humo ndani na kukorogeka na oili. Katika pikipiki nyingi za aina hii oili moja ndiyo inayolainisha krenki, giaboksi na klachi, kwa hiyo ninakuomba uibadilishe pamoja na filta yake kabla hujatoka tena, hata kama tarehe ya sevisi haijafika.

Jibu la kwanza, basi, ni themostati, lakini si themostati yoyote. Zipo za bei nafuu ambazo hupachikwa tu katikati ya mpira wa maji na kuuziba mpaka joto lifike. Maji yaliyo ndani ya injini hubaki yamesimama na kuchemka upande mmoja, wakati yale yaliyo kwenye rejeta yanakaribia baridi ya nje. Themostati inapofunguka, maji hayo ya barafu huingia kwa mkupuo kwenye silinda yenye nyuzi 75 au 80. Silinda ya aluminiamu hunywea mara moja, ilhali pistoni iliyo jirani na moto bado imetanuka, na nafasi iliyo kati yao ni sehemu ndogo mno ya milimita. Injini za stroki mbili hunoki, yaani pistoni hukwama ndani ya silinda, kwa njia hiyo. Kwenye stroki nne si jambo la kila siku, ila gasketi ya hedi (kichwa cha injini) na silinda hazipendezwi na kupigwa baridi na moto kwa zamu siku nzima.

Unayotakiwa kununua ni ile yenye njia ya pembeni, yaani mpira wa ziada unaoyarudisha maji kwenye pampu bila kuyapitisha kwenye rejeta. Hiyo huyafanya maji yazunguke ndani ya injini wakati wote, na themostati inapoanza kufunguka huchanganya maji baridi kidogo kidogo na yale ya moto. Nyingi za pikipiki hizi hufunguka kati ya nyuzi 70 na 82. Ukishaifunga hiyo, theluji inaweza kuijaa rejeta yako itakavyo, na injini haitajua.

Kivu_Boise

Ndugu zangu, ninaheshimu maelezo ya fundi, lakini naomba nitoe maoni tofauti kidogo, kwa sababu ninaona tunamwelekeza mwenzetu kwenye gharama kabla hajajaribu njia rahisi. Mimi niko Boise, Idaho, na huwa ninaendesha milima ya karibu na McCall. Jimbo hili lina historia na vyombo hivi. Kampuni ya Timbersled, ambayo seti zake za kubadilisha pikipiki ndizo zilizoufanya mchezo huu ujulikane, ilianzia Sandpoint, kaskazini mwa Idaho, kabla ya kununuliwa na kampuni ya Polaris mwaka 2015. Hapa kwetu wako watu wengi ambao hawana themostati, wanaotumia kifuniko kizuri cha kitambaa pamoja na kuziba rejeta, na injini zao zinaendelea vizuri.

Kifuniko kina faida ambayo themostati haina. Themostati hulinda maji tu. Haizuii theluji isigandie kwenye krenkikesi, yaani ile nyumba ya krenki, na kuipoza oili kutoka nje, haizuii theluji isijazane kati ya injini na fremu, wala haikupatii hewa ya uvuguvugu karibu na mdomo wa kuvutia hewa. Kifuniko hufanya yote hayo. Chagua ambacho kina tabaka la kuakisi joto upande wa ndani, na hakikisha hakigusi ekzosi mahali popote, hasa pale bomba linapotoka kwenye hedi, kwa sababu hapo ndipo vingi huungua. Nimewahi kuona kifuniko cha kushona mwenyewe, chenye sponji katikati, kilicholowa asubuhi na kugeuka bamba la barafu kufikia saa tisa alasiri, kwa hiyo kitambaa kisiwe kile kinachonywa maji.

Kuhusu rejeta, badala ya utepe ninashauri vipande viwili vya plastiki ngumu ambavyo unaweza kuvivuta juu na chini ukiwa umevaa glavu. Utepe ukishagandiwa na barafu hautoki kwa urahisi, na unapolazimika kuutoa ni pale injini inapokuwa imeshachemka.

Fundi_wa_Calgary

Mzee wa Boise, kuhusu kifuniko hatupingani. Ningekitaja katika jibu la pili. Ninachokataa ni kukitegemea peke yake katika mazingira ya Ndugu Msafiri. Kizuizi cha rejeta, kiwe utepe au plastiki, hubaki pale ulipokiweka, ilhali kazi ya injini hubadilika kila dakika: unapanda kwa nguvu zote, unakata bonde, unateremka bila kuvuta mafuta, unarudi kwenye njia ngumu ambako hakuna theluji inayorushwa. Kizuizi kinachotosha kwa mteremko kitaichemsha injini kwenye njia ngumu, na hakuna dereva atakayesimama kila mara avue glavu ili arekebishe. Aidha, mtu ambaye baridi yake ya kawaida ni nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri anaweza kuridhika na nyuzi 60 kwenye geji, na mwenye nyuzi 25 chini asiifikie hata 50 kwa vifaa vile vile. Ameshaziba rejeta moja kati ya mbili, na bado anasoma 45.

Hiyo plastiki ya kuteleza, hata hivyo, ni wazo zuri kwa mwezi wa Machi na Aprili, baridi ikipungua.

BintiPare_Anchorage

Shikamooni wakubwa zangu. Ninafanya kazi kwenye karakana ya vyombo vya theluji hapa Alaska, na ninapenda kuongezea kwenye jambo moja ambalo limepitwa haraka, ingawa kwa maoni yangu ndilo la hatari zaidi katika maelezo yote ya Kaka Msafiri, nalo ni oili iliyotoka kwenye mpira wa kupumulia.

Pistoni inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya ringi na kuingia kwenye krenki, na lazima ipate pa kutokea. Mpira wa kupumulia ndio mlango huo. Kiwandani mpira huo huelekezwa kwenye boksi la filta ya hewa, au huachwa ukining'inia hadi chini ya injini, na kwa pikipiki ya vumbini hilo halina madhara. Kwenye pikipiki ya theluji, ncha ya mpira unaoning'inia huwa karibu na mkanda, mahali penye baridi na unyevu kuliko pote, na mvuke unaotoka humo huganda pale pale kwenye ncha. Barafu huanza kama pete nyembamba, kisha huziba kabisa. Gesi ikikosa njia hujenga shinikizo ndani ya krenki, na shinikizo hilo hutafuta sehemu dhaifu, ambayo kwa kawaida ni oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) au gasketi. Kaka Msafiri alikuwa na bahati kwamba mpira wake ulifunguka na kutapika oili badala ya kuishinda sili. Oili sili ya krenki ikishatoka mahali pake mkiwa kilomita nyingi kutoka maegesho, hakuna atakayeirudisha pale kwa koleo.

Marekebisho yake ni ya bei ndogo. Fungua mpira huo, uangalie njia yake yote, uondoe kila sehemu iliyoinama kama bonde, kwa sababu maji hukusanyika hapo na kuganda. Uelekeze upande wa juu kadiri inavyowezekana, chini ya tangi au chini ya kiti, ambako joto la injini hupanda. Kisha, karibu na injini, mahali ambapo mpira hauwezi kupoa, kata mwanya mdogo wa wima, ili ncha ikiganda gesi ipate mlango wa dharura. Mwanya huo usielekee kwenye ekzosi, kwa kuwa kinachotoka hapo ni mvuke wenye petroli na oili. Na kama mpira wako unaingia kwenye boksi la hewa, usidhani uko salama. Mvuke huo huenda ukagandia kwenye filta au kwenye kipepeo cha hewa, yaani kile kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa unapovuta mafuta.

Nikikitaja kipepeo, nieleze na hilo. Hewa ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni nzito kwa takribani asilimia 18 kuliko hewa ya nyuzi 20 juu ya sifuri. Injini yenye noseli hujirekebisha kwa kiasi kikubwa kwa sababu ina sensa ya joto la hewa, na mwenye kabureta hulazimika kubadilisha jeti. Uzito wa hewa basi si shida yako. Shida ni chembe za theluji zinazopita kwenye filta, zikayeyuka kidogo, kisha kuganda upya ukingoni mwa kipepeo mpaka kishindwe kujifunga. Ukiachia mafuta na injini isishuke, huo ni wakati wa kubonyeza swichi ya kuzimia bila kufikiri mara mbili, na kamba ya usalama inayofungwa kwenye mkono wako inapaswa iwepo hata kwa dereva mzoefu. Filta ya sponji iliyopakwa oili ya kiangazi huziba haraka; kwa kuwa theluji haina vumbi, wengi hapa huiondoa na kuweka wavu laini wa chuma au kitambaa kinachokataa maji. Ikiwa tayari unafunga themostati, uliza kama seti yako ina mipira miwili midogo ya kupitisha maji ya moto kwenye shingo ya kipepeo. Kwa baridi ya Alberta, ningeilipia hiyo kabla ya hita ya umeme. Mpira wa kupumulia wa tangi la petroli nao uuangalie, kwani ukiganda injini itakosa mafuta na utaanza kuilaumu pampu.

Kuhusu maji ya rejeta, liko jambo ambalo wafungaji wengi wa themostati hulisahau. Kabla ya themostati, maji ya rejeta yalikuwa yakizunguka na kupata joto wakati wote. Baada ya themostati, yatakaa kwenye rejeta bila kusogea kwa muda mrefu, yakipigwa na theluji, na kama mchanganyiko ni hafifu yataganda humo wakati injini ina nyuzi 75. Themostati ikija kufunguka, hakuna kitakachopita. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glikoli na maji hustahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na glikoli ikiwa asilimia 60 huenda chini zaidi. Msivuke hapo kwa kudhani kwamba glikoli tupu ni bora kuliko yote, kwa maana glikoli isiyochanganywa na maji huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Pimeni kwa kipimo cha kulanti, yaani cha mchanganyiko huo wa rejeta, si kwa kuangalia rangi.

Hita za umeme nitazipita haraka, kwa kuwa Kaka amesema chombo chake kinalala gereji. Watu wa Edmonton mnajua kuchomeka magari kwenye umeme usiku, na pikipiki inayolala nje huhitaji vivyo hivyo, kwa bamba la joto linalobandikwa chini ya krenkikesi. Lakini hita hiyo haitakufuata mlimani. Oili iwe ile nyepesi ya baridi, 0W-40 kwa mfano, kama kitabu cha mtengenezaji kinairuhusu, na iwe na alama ya JASO MA au MA2, ambazo ni za oili za pikipiki, kwa sababu klachi yako imezama ndani yake. Betri ya lithiamu huwa nzito kuamka kwenye baridi kali. Washa taa kwa dakika moja hivi kabla ya kugusa stata, ipate joto kutokana na mzigo huo mdogo.

Msafiri_Edmonton

Ninawashukuru nyote, na hasa Dada BintiPare, kwani nimekwenda gereji kutazama mpira wa kupumulia na nimeukuta ukishuka hadi karibu na mkanda, kama alivyoeleza, ukiwa na kona mbili zilizoinama. Oili nimeshaimwaga, ilikuwa nyepesi kama maji.

Nimebakiwa na maswali mawili kabla ya kununua seti ya themostati yenye njia ya pembeni. La kwanza, sensa ya geji yangu imefungwa na mwenye pikipiki wa kwanza kwenye mpira wa chini, ule unaotoka kwenye rejeta kurudi kwenye pampu. Je, ibaki hapo? La pili ni lile la kuunguruma wakati wa mapumziko, ambalo naona halijajibiwa.

Fundi_wa_Calgary

Sensa isibaki hapo, na nimefurahi umelitaja, kwa sababu linabadilisha hata maana ya namba ulizotuandikia. Mpira wa chini hubeba maji yaliyokwisha kupozwa na rejeta, kwa hiyo ulipokuwa unasoma 45, hedi yako huenda ilikuwa na joto zaidi kidogo. Dalili za oili zinathibitisha kwamba injini kweli inapoa mno, hivyo ushauri haubadiliki, ila sasa unajua kwamba geji yako haikuwa inaizungumzia injini. Ukifunga themostati na kuiacha sensa pale pale, geji itaonyesha baridi ya rejeta mpaka themostati ifunguke, kisha itaruka, nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu. Ihamishie kwenye hedi ikiwa kuna tundu, au kwenye mpira mfupi ulio kati ya hedi na themostati.

Kabla ya kuifunga themostati, ijaribu jikoni. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka na kipimajoto, uone inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi na kama inajifunga tena maji yakipoa. Ukishajaza kulanti, inua upande wa mbele wa pikipiki ili kifuniko cha rejeta kiwe ndicho sehemu ya juu kuliko zote, yaache maji yapate moto mpaka mpira wa rejeta nao upate joto, ukiikamua mipira kwa mkono ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa kwenye hedi huifanya geji isome uongo na hedi iungue mahali pamoja.

Kuunguruma muda mrefu ni kubaya. Injini isiyobeba mzigo hutoa joto dogo, na ikiwa maji yake yapo chini ya joto la kazi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ambayo haina kazi ya kufanya, kwa hiyo saa moja ya kuunguruma wakati wa chakula huiharibu oili kuliko saa moja ya kupanda mlima. Zima. Kifuniko kama alichokieleza Mzee wa Boise kitaihifadhi injini vizuri kwa muda wa kula na kunywa chai. Ukiiwasha tena, iache dakika moja au mbili oili ifike juu, endesha taratibu mahali penye theluji ngumu, na usiingie kwenye theluji laini kabla geji haijasoma 60.

Kivu_Boise

Na ule utepe wa rejeta ya kushoto uutoe siku hiyo hiyo unapofunga themostati, Ndugu Msafiri. Nimesoma hoja za fundi na ninazikubali kwa baridi yenu ya huko, lakini themostati ikishafunguka kwenye njia ngumu itahitaji rejeta zote mbili.

Fundi_wa_Calgary

Ni kweli kabisa, na nilipaswa kulisema mwenyewe. Baada ya safari ya kwanza, kagua kiwango cha kulanti injini ikiwa imepoa kabisa, kisha unuse oili. Ikinuka petroli tena ilhali geji ilikaa kati ya 70 na 80 siku nzima, basi tatizo limehama kutoka kwenye maji na sasa tutazame noseli na ringi.